Nani Aliulisha Mji?

Ndugu msomaji, kuna somo moja ambalo hakuna kitivo kinacholifundisha pale Mlimani, na hata hivyo hakuna mwanafunzi anayemaliza chuo bila kulifanyia mtihani. Ni somo la kula mjini. Nani kati yetu hajawahi kupiga pasi ndefu? Unalala hadi saa nne, saa tano unakunywa chai na chapati mbili, unajiambia kwamba hapo umemaliza chai na chakula cha mchana kwa mpigo mmoja, kisha unalitazama jua mpaka lizame. Halafu siku bumu linapotoka, ah! siku hiyo hakuna mnyonge. Watu wanapanda daladala kwenda kutafuta pilau Kariakoo, kuku wa kuchoma katikati ya mji, mihogo na kachumbari Coco Beach, au changu wa kukaanga kule Feri.

Kwa hiyo mwanafunzi huujua mji kwa tumbo kabla hajaujua kwa vitabu. Ila tukishafuta mdomo, ni wachache tunaouliza: hii benchi niliyoikalia imefikaje hapa? Nani alikaa hapa kabla yangu, na nani alikatazwa kukaa? Na huyu mama anayepakua, serikali zilizopita zilimwita nani?

Nia yangu katika makala haya ni kuzunguka Dar es Salaam kama sisi wanafunzi tunavyoizunguka, kutoka mgahawa hadi mgahawa, nikiuliza maswali hayo. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili tusipotezeane muda: mji huu, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, umelishwa na watu ambao sheria iliwahesabu kuwa hawana kazi.

Kahawa ilitangulia

Tuanze na maneno yenyewe, maana sisi watu wa kalamu mtaji wetu ni maneno. Neno mgahawa limezaliwa na kahawa. Yaani kwa asili yake mgahawa si mahali pa kushiba. Kikombe kidogo cha kahawa chungu na kipande cha kashata havimshibishi mtu. Ni mahali pa kukaa na kusikia habari. Neno hoteli nalo tumelichukua kwa wageni tukaliondoa vitanda. Mgeni akisema hoteli anafikiria usingizi. Mswahili akikwambia "twende hotelini tukapate chochote," anafikiria chai ya rangi na maandazi, au wali kwa maharage. Utaona basi kwamba lugha yetu ilishaamua zamani kwamba kukaa pamoja na kula ni jambo la mtaani, halihitaji ghorofa wala zulia.

Mji wenyewe si mkongwe ukiulinganisha na Kilwa au Bagamoyo. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870 akiuacha nusu. Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Waingereza wakauteka mwaka 1916, na chini yao mji ukapangwa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa upande wa bahari, Wahindi katikati kwenye maduka, Waafrika nyuma huko Kariakoo na Ilala. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Uswahilini likaachwa eneo wazi la Mnazi Mmoja, mithili ya mstari uliochorwa kwa rula.

Ukitembea leo kwa miguu kutoka Posta kwenda Kariakoo, bado unaweza kuisoma ramani ile kwa pua. Kisutu na mitaa ya jirani utakutana na harufu ya katlesi, sambusa, bajia na chai ya maziwa iliyotiwa iliki. Ukivuka Mnazi Mmoja harufu inabadilika: nazi, maharage, samaki wa kukaanga, moshi wa mkaa. Siku hizi hakuna anayemzuia mtu kuvuka, na Kariakoo ya leo ni maghorofa matupu. Lakini majiko yamekuwa na kumbukumbu ndefu kuliko majengo.

Na hilo jina Kariakoo, bwana, nalo lina habari yake. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wale walibeba risasi, na walibeba chakula cha askari. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na uchovu katika vita isiyokuwa yao. Kwa hiyo mtaa ambao leo unavuma kwa biashara, ya chakula ikiwemo, umepewa jina la watu waliobeba chakula cha wengine vichwani. Nilipolifahamu hilo sikuweza tena kulitamka neno Kariakoo kirahisi rahisi kama zamani.

Katika Uswahilini hiyo ya wakati wa Mwingereza, muuza kahawa alipita na dele lake la shaba juu ya kijiko cha makaa, akigonganisha vikombe ili watu wajue amefika. Pale aliposimama pakawa baraza. Gazeti moja lilitosha watu kumi, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakibisha. Na kulikuwa na la kusoma. Mwaka 1937 Erika Fiah, mwenye duka mzaliwa wa Uganda aliyehamia Dar es Salaam, alianzisha gazeti la Kiswahili aliloliita Kwetu. Halikuwa la serikali wala la misheni. Ni mtu na duka lake. Wenzangu mnaolalamika kwamba jarida dogo haliwezi kuishi bila mfadhili, mfikirieni huyo mzee kidogo.

Lakini serikali ya kikoloni haikupenda Waafrika wengi mjini, hasa wale wasiokuwa na ajira ya kuandikishwa. Mwaka 1944 ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini "wenyeji wasiotakiwa". Lishike vizuri hilo neno, maana tutakutana nalo tena likiwa limebadilisha nguo. Mwenye karani au bwana wa kumtaja kama mwajiri wake alikuwa mtu. Aliyekaanga samaki na kuwauzia makuli wa bandarini alikuwa mhuni. Kuli huyo huyo, aliyeonekana wa maana sana serikalini wakati wa kupakua meli, alishiba kwa mkono wa nani? Hapo karatasi za serikali zilikaa kimya.

Baraza mbili za miaka ya 1960

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, milango iliyofungwa kwa rangi ikafunguliwa. Mahali palipovuma kuliko pote palikuwa baraza ya New Africa Hotel, pale ambapo enzi za Wajerumani palikuwa na hoteli ya Kaiserhof. Dar es Salaam ilikuwa imekuwa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. FRELIMO iliundwa hapa mwaka 1962, na Kamati ya Ukombozi ya OAU ikaweka ofisi zake hapa mwaka uliofuata. Basi jioni, kwenye viti vya New Africa, walikaa wanasiasa waliokimbia kwao, waandishi wa habari, mabalozi na wapelelezi, kila mmoja akimsikiliza mwenzake kwa pembe ya sikio. Jengo lile la zamani halipo tena, lakini ukisoma vitabu vya waliopita Dar miaka ile utaikuta baraza yake imetajwa.

Baraza ya pili ilikuwa Mlimani. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Yaani kilizaliwa ubavuni mwa Kariakoo! Mwaka 1964 kikahamia kilimani, kilometa 13 hivi kutoka katikati ya mji. Sina haja ya kukwambia kilometa hizo zilikuwa na maana gani wakati ule. Mwanafunzi wa Mlimani alilala, akasoma na kula bwaloni kwa fedha za umma, mbali na moshi wa mji.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewafanya wapokee sehemu tu ya mshahara kwa muda. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akakasirika. Wanafunzi 393 wakarudishwa makwao, na yeye mwenyewe akajikata asilimia 20 ya mshahara wake. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Swali lililoulizwa siku ile lilikuwa la sahani ingawa halikutajwa hivyo: wewe unayelishwa na mkulima, unamrudishia nini?

Baadhi ya wanafunzi waliofuata walilichukua swali hilo kwa uzito. Mwaka 1969 kundi lao lililoitwa USARF lilianza kutoa jarida la Cheche, lililochapwa kwa mashine ya kudurufu. Lilisomwa ndani na nje ya nchi, likaleta ubishi mkubwa, na mwaka 1970 likapigwa marufuku. Sisi tunaotoa vijarida leo ni wajukuu wa mashine ile, tukubali tusikubali. Ila nina jambo moja la kuwaambia babu zetu hao kwa heshima zote. Mwanafunzi aliyeandaliwa meza bwaloni anaweza kuandika kurasa arobaini juu ya tabaka la wanyonge, na asijue sahani ya wali inauzwa shilingi ngapi nje ya geti. Elimu hiyo ilingoja wakati wake, nao ukaja kwa kishindo.

Miaka ya foleni

Ukame wa miaka ya 1973 na 1974, pamoja na watu kuhamishwa haraka haraka kwenda vijiji vya ujamaa, viliyavuruga mavuno. Nchi ikaagiza nafaka kutoka nje. Ndipo ukaja ule unga wa njano wa Marekani, na watu wa Dar, ambao hawaachi utani wa mpira hata wakiwa na njaa, wakaubatiza unga wa Yanga. Baada ya hapo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita ya Kagera ikaja mwaka 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vilikuwa vitu vya kupangia foleni alfajiri bila uhakika wa kuvipata. Na mshahara? Kati ya katikati ya miaka ya 1970 na mwishoni mwa miaka ya 1980, uwezo wa mshahara kununua kitu ulishuka kwa zaidi ya robo tatu.

Hebu fikiri maana yake ndani ya nyumba. Baba ni mfanyakazi wa kiwandani, ana kadi ya chama na kitambulisho cha kazi, lakini mshahara wake hauvuki wiki ya pili. Mama ambaye alikuwa akipika sufuria moja sasa anapika mbili. Moja ya watoto, na moja anaipeleka getini kwa wafanyakazi wenzake baba. Hana meza. Ana benchi, ndoo ya maji ya kunawa, sahani chache za bati na mwiko. Mteja anafika, ana haraka, anainyoosha sahani: "Mama, ntilie!"

Hapo ndipo lilipotoka jina mamantilie. Sikiliza lilivyo. Mwalimu wa sarufi angetaka "nitilie", lakini mwenye njaa hana muda wa kutamka silabi zote. Jina la kazi hiyo halikutungwa na baraza la lugha, limetungwa na mdomo wa mteja. Baadaye kwenye warsha na semina wakubwa waliona jina hilo halina adabu, wakaleta "mama lishe". Haya, hakuna ubaya. Lakini mtaani jina la kwanza halijafa.

Sasa lile neno la mwaka 1944 likarudi. Mwaka 1976 ilifanyika Operesheni Kila Mtu Afanye Kazi, na mwaka 1983 ikapitishwa Sheria ya Nguvukazi. Wakazi wa mijini walitakiwa kuonyesha kwamba wana kazi inayotambulika. Asiyekuwa nayo aliitwa mzururaji, na watu walikamatwa mitaani ili wapelekwe mashambani kuzalisha mali. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, kilimo kiinuke. Lakini angalia kichekesho chake kichungu. Mfanyakazi aliyekuwa na kitambulisho alikuwa anaishi kwa biashara ya mke wake ambaye hakuwa nacho. Kama wote wanaouza vitumbua, maji na wali wangefagiliwa kweli siku moja, saa saba mchana viwanda vingesimama kwa njaa.

Mwaka huo huo wa 1983, kwa kuwa mabasi ya UDA hayakutosha, serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, yaani dala, na ndipo tukapata daladala. Kwa mkono mmoja mji ulikuwa unakubali kwamba bila watu binafsi hausogei, na kwa mkono mwingine unawakamata. Haikuchukua muda mrefu sheria ikalegea, na kwa jina lile lile zikatolewa leseni za Nguvukazi kwa wafanyabiashara wadogo. Jina lililotumika kuwafukuza likawa ndilo kibali chao. Sijui katika historia ya nchi hii kuna neno jingine lililogeuka haraka namna hiyo.

Mzee Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu mwaka 1985, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Bidhaa zikarudi dukani, mafuta ya kupikia yakiwemo. Nawaomba wapenzi wa chipsi mayai wenzangu msome sentensi hiyo mara mbili. Chipsi haikaangwi kwa maji. Kibanda cha chipsi chenye kabati la kioo, viazi vya Mbeya au Lushoto, mayai ya trei na karai la mafuta yanayochemka kutwa nzima, kisingewezekana katika miaka ya foleni. Zege, msosi huu tunaouona kama wa kizazi chetu, ni mtoto wa ruksa. Kila uma unaoushika pale kibandani umebeba mabadiliko ya uchumi ambayo mhadhiri wako atayafundisha kwa wiki tatu.

Mlimani kunashuka bondeni

Mabadiliko hayo hayo yalipanda mlima. Mwaka 1990 chuo kilifungwa baada ya mgogoro kati ya wanafunzi na serikali. Mwaka 1992 ikaja sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu, na hatua kwa hatua mzigo wa kula na kulala ukasogezwa kwa mwanafunzi na mzazi wake. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, fedha ya chakula ikawa deni ambalo mtu anakuja kulilipa akiwa na ajira. Ule mkono wa umma uliokuwa ukimlisha mwanafunzi wa mwaka 1966 ulikuwa umeondoka mezani.

Nani akaziba pengo? Ni yule yule mama. Akina mamantilie wa Mwenge, Ubungo, Manzese, Changanyikeni na Msewe wamesomesha wanafunzi wengi kuliko wafadhili wengi mnaowasikia. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Bumu huchelewa, hilo kila mwanafunzi analijua. Na bumu likichelewa, mama anatoa daftari.

Daftari lenyewe ni la shule, la kurasa themanini, limelowa mafuta pembeni. Kila mteja ana ukurasa wake, na mara nyingi jina si jina: "Sheria mrefu", "Yule wa miwani", "Dada wa Hosteli". Mbele yake ni vijistari, kila kimoja ni sahani. Mama hana dhamana yoyote mkononi. Hana wakili, hana riba, na hana namna ya kukupata ukishahama hosteli. Ana maneno mawili tu: "Mwanangu, utalipa." Na wewe unajibu, "Nitalipa, mama."

Nyuma ya daftari hilo kuna hesabu ambayo mwanafunzi wa biashara angeitolea jasho. Mama ameamka saa kumi usiku, maharage ameyaloweka tangu jana ili yasimalize mkaa. Mchele, nyanya na nazi amevinunua sokoni alfajiri, vingine kwa mali kauli, yaani naye anadaiwa. Kila siku anatenga fedha ya mchezo, ule upatu wanaopeana zamu na wenzake, kwa sababu zamu yake ndiyo ada ya watoto au kodi ya chumba. Wanafunzi ishirini wasipolipa kwa mwezi mmoja, mchezo unavunjika, na anayeaibika mbele ya wenzake ni yeye. Kwa hiyo deni lako la wali maharage si deni la watu wawili. Limeshika kamba ya watu kumi.

Wanahistoria hupenda kusema kwamba watu wadogo hawakuacha maandishi. Hebu nikuulize, kama daftari lile si hati ya kihistoria, ni nini? Lina tarehe, lina bei, lina majina, linaonyesha mwezi gani fedha zilichelewa na bei ya maharage ilipanda lini. Tatizo ni kwamba likijaa, kurasa zake zinafungia maandazi.

Ufagio na sufuria

Tusidanganyane kwamba mambo yote ya barabarani ni mazuri. Kipindupindu si hadithi. Kilipiga Dar es Salaam vibaya mwaka 1997 na 1998, na tena kuanzia Agosti 2015, na watu walikufa. Mlipuko wa 2015 ulipotokea, wakuu wa mji walipiga marufuku chakula cha kuuzwa mitaani. Mtu mwenye akili hawezi kudharau ugonjwa huo, na mama anayepika karibu na mtaro uliofurika anastahili kuambiwa ukweli.

Ila ukweli wote usemwe. Kipindupindu huja na maji machafu na kukosekana kwa vyoo. Mama asiyekuwa na bomba ananunua maji kwa dumu, na hajui dumu hilo limetoka kisima gani. Ukiifunika sufuria yake, kisima kinabaki pale pale na mtaro unabaki pale pale. Aliyekuwa akila kwake, ambaye chumba chake hakina jiko wala bomba, naye anabaki pale pale, sasa akiwa na njaa juu yake. Mlo wa moto uliotoka jikoni sasa hivi, na ndoo ya maji safi yenye sabuni ya kunawia, ni kinga. Mji ungeweza kumpa mama maji. Mara nyingi umeona rahisi zaidi kumpa amri.

Na amri hazikuhitaji ugonjwa. Mwaka 2006 wafanyabiashara wadogo waliamriwa kuondoka kandokando ya barabara za Dar. Desemba 2018 upepo ukageuka, Rais Magufuli akaagiza vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mamantilie akaning'iniza chake shingoni kama mfanyakazi wa benki. Oktoba 2021 upepo ukageuka tena, machinga wakaondolewa barabarani na vibanda vikavunjwa. Tangu 1944 hadi hapo ni kama hadithi moja inayosimuliwa na wasimulizi tofauti: mhuni, mzururaji, mwenye leseni, mjasiriamali, mvamizi wa hifadhi ya barabara. Mtu ni yule yule, na mwiko ni ule ule. Kinachobadilika ni neno la mwenye kalamu.

Hapo ndipo suala hili linapotuhusu sisi, maana kalamu ndiyo kazi tuliyoichagua.

Saa saba mchana

Waandishi wameuandika mji huu. Ben Mtobwa ametuachia riwaya ya Dar es Salaam Usiku (1990). M. G. Vassanji aliandika hadithi za Uhindini na jirani zake katika Uhuru Street (1991). Tuna majambazi, tuna makahaba, tuna wapelelezi na wapenzi wa gizani. Usiku wa Dar umepata haki yake. Bado hatujapata Dar es Salaam Saa Saba Mchana, pale mji mzima unapokaa kwenye benchi moja, wakili na utingo wakigombania pilipili.

Vijana wengi wanaoandika huniambia hawana mada. Wanangoja waende ng'ambo, wangoje mapenzi yawavunje moyo, wangoje mfadhili. Jamani! Fundi wa redio, kuli, mwanafunzi wa udaktari na mstaafu wa Jumuiya ya zamani wanakula bega kwa bega na kubishana juu ya Simba na Yanga, na wewe umeinamia simu yako. Migahawa kadhaa ya kale katikati ya mji imekwisha kubomolewa na kupandishwa maghorofa. Wazee waliokunywa kahawa enzi za Mwingereza wamebaki wa kuhesabu. Kina mama waliokimbizwa mwaka 1983 wengi wamepita miaka sitini na mitano, na wajukuu zao hawajawahi kuwauliza.

Basi napendekeza kazi. Kila msomaji wa jarida hili achague mgahawa mmoja anaokula, au benchi moja. Aende saa tisa alasiri wateja wakishapungua, si saa saba, mama ana kazi. Aamkie vizuri. Aombe ruhusa, aeleze kwamba anaandika, na jina lisiandikwe kama mwenyewe hataki. Aulize: ulianza mwaka gani? Sahani ya kwanza uliiuza bei gani? Ulikuwa wapi kabla ya kuja hapa? Umewahi kuhamishwa mara ngapi, na kila mara walikuita nani? Nani alikufundisha kupika? Daftari la kwanza liko wapi? Aandike majibu kama yalivyosemwa, bila kuyanyoosha Kiswahili chake. "Ntilie" ibaki "ntilie". Atie na tarehe, maana makala isiyo na tarehe inamtesa anayekuja nyuma.

Tukipata maandishi ishirini ya namna hiyo, tutakuwa na historia ya mji ambayo haipo kwenye maktaba yoyote. Tukipata mia moja, mtu mwingine atakapotaka kuandika sheria ya kuwaita watu hawa wazururaji, angalau atakuta kuna karatasi inayobisha.

Na kabla hujafungua daftari lako wewe, lipa kwanza deni lako lililoko kwenye lake.